Swali la saa tano: uchumba wa mbali wa Sigmund Freud na Martha Bernays

Mwishoni mwa Agosti 1882, daktari kijana wa Vienna, Sigmund Freud, aliyekuja kuwa mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, alimwandikia mchumba wake, Martha Bernays, aliyekuwa mapumzikoni karibu na Hamburg, Ujerumani, akamtaka ajibu kwa dhamiri safi: Alhamisi iliyopita, saa tano, mapenzi yako kwangu yalipungua? Ulikuwa umenichukia kidogo? Au pengine hata hukuwa mwaminifu? Kilicholeta swali hilo ni pete. Ilikuwa pete ya marehemu baba yake Martha, naye Freud aliivaa kwenye kidole cha mwisho. Alhamisi hiyo ilipasuka pale lulu ilipopachikwa. Katika barua hiyohiyo alijigamba kwamba yeye si mtu wa kuamini ndege mbaya, na kwamba alichowaza ni kuitengeneza tu. Ukweli wa mambo ni kwamba daktari mwenzake alikuwa anampasua uvimbe wa kooni, maumivu yakamzidi, akapiga mkono mezani. Na Martha, saa hiyo ya mashaka? Alikuwa anakula keki.

Aliyewahi kuwa na mchumba wa mbali hatalicheka sana swali hilo. Siku hizi linakuja kwa sura nyingine: mbona saa tano ulikuwa hewani na hukunijibu? Mbona tiki zimekuwa za bluu halafu kimya?

Nimekichukua kisa hiki kwa sababu kina kitu ambacho uchumba wetu wa simu hauachi nyuma: maandishi ya karibu kila siku. Freud peke yake aliandika barua zaidi ya 900 kwa mchumba wake, na tangu 2011 barua za pande zote mbili zimekuwa zikitolewa kwa Kijerumani, juzuu baada ya juzuu. Kabla ya hapo kisa kilisomwa zaidi kwa upande wa mwanamume, maana ndiye aliyekuja kuwa maarufu, na ukikisoma hivyo unapata hadithi tamu ya kijana maskini mwenye moyo wa moto aliyesubiri miaka minne. Mimi naona vingine. Barua zake zilikuwa nyingi na nyingine ni nzuri mno, lakini zilikaribia kuubomoa uchumba huu mara kadhaa. Kilichouokoa ni mambo machache ambayo Martha aliyakataa, kwa upole, na akaendelea kuyakataa.

Kwanza mwanzo wao. Walikutana Aprili 1882 nyumbani kwa akina Freud. Martha alikuwa amekuja kuwatembelea dada zake, amekaa mezani anamenya tofaa huku akizungumza. Alikuwa na miaka 20, Freud 25. Likafuata waridi jekundu kila siku, na tarehe 17 Juni wakawa wamechumbiana kwa siri, miezi miwili tu tangu wajuane. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika: mwaka haukuisha kabla mama yake Martha, Bi Emmeline, hajaambiwa. Hakufurahi, na ni haki kumsikiliza. Binti yake ni mjukuu wa Isaac Bernays, aliyekuwa rabi mkuu wa Hamburg. Mumewe alikufa 1879 na nyumba inaegemea mabega ya mwana wa kiume, Eli. Anayekuja kuomba mkono wa binti ni Myahudi asiyeshika dini, hana fedha, na nyuma yake kuna wazazi wenye shida na dada watano. Mama gani wa Tanga au Mombasa angeipokea posa hiyo kwa vigelegele?

Umbali wenyewe ulikuja kwa sababu ya fedha. Profesa wake, Ernst Brücke, alimweleza mwaka huohuo wa 1882 kwamba kwa hali yake ya mfukoni aachane na ndoto za maabara, kwa hiyo akaingia Hospitali Kuu ya Vienna kujifunza uganga wa kutibu watu. Malipo ya daktari mchanga yalikuwa kidogo mno. Aliishi katika chumba cha hospitali, akakopa kwa marafiki, hasa Josef Breuer, na akawa anawaza kuhamia Uingereza, Marekani, hata Australia. Juni 1883 Bi Emmeline akawachukua binti zake wawili, Martha na Minna, akarudi nao Wandsbek, mji wa jirani na Hamburg, zaidi ya kilomita 700 kutoka Vienna. Uchumba wote ulidumu miaka minne na robo, na karibu mitatu kati ya hiyo waliishi mbalimbali.

Barua ndizo zilikuwa nyumba yao. Kwa Freud, kurasa nne zilizobanana maandishi zilikuwa barua fupi. Kuna moja iliyofika kurasa 22. Katika barua ya Agosti 1882 alimpangia Martha nyumba watakayoishi: vyumba viwili vitatu, meza na viti, vitanda, kioo, saa ya kuwakumbusha wenye furaha kwamba muda unakwenda, kiti cha kuegemea na kuota ndoto, mazulia, na mashuka yaliyofungwa kwa utepe ndani ya kabati. Hana hata nauli, lakini kabati limeshapangwa! Sioni ubaya. Mtu aliye katika chumba cha kuazima ana haki ya kujenga kichwani. Shida inaanza pale anapomjenga na mchumba mwenyewe kichwani, kisha yule wa kweli anapoandika jambo lisilolingana na ramani, anaonekana amesaliti.

Hapa ndipo naona kiini cha kisa. Upweke wa hawa wawili haukuwa wa aina moja. Freud alimaliza kazi wodini akarudi chumbani, mezani kuna taa, karatasi na kimya, na kimya kile alikijaza kwa mawazo. Martha hakuwa peke yake hata kwa saa moja. Alikuwa na mama, dada, binamu, wageni, kazi za nyumbani. Uchungu wake ulikuwa wa kumtamani mtu katikati ya watu ambao baadhi yao hawakupenda hata kusikia jina lake. Mmoja alikuwa na nafasi nyingi ya kuhisi, mwingine hakuwa hata na pembe ya kukaa na hisia zake. Halafu yule mwenye nafasi akaanza kumpima mwenzake kwa kipimo chake mwenyewe: mimi nimeandika kurasa 12, wewe umeandika mbili.

Wivu ukaingia, na uliingia mapema, hata kabla ya Wandsbek. Kulikuwa na Max Mayer, binamu mwanamuziki, ambaye Martha aliwahi kumpenda kidogo kabla ya kumjua Freud. Freud akataka asimwite tena Max. Amwite Bwana Mayer. Kulikuwa na Fritz Wahle, msanii, rafiki wa Freud mwenyewe, aliyekuwa na mchumba wake, binamu yake Martha. Huyu alikuwa hatari zaidi. Siku moja mgahawani alimwambia Freud kwamba asipomfurahisha Martha atampiga risasi kisha ajipige mwenyewe. Freud akacheka. Wahle akaandika barua palepale kwa Martha, Freud akaisoma, akakuta imejaa maneno ya mtu anayependa, akaichana. Kwa hiyo tusiseme kila wivu wa Freud ulikuwa wa kubuni. Hapo moto ulikuwepo. Martha alishikilia kwamba Fritz kwake ni rafiki tu, na kwa upande wake huenda ilikuwa kweli.

Lakini tazama wivu unavyopanuka ukishapewa mlango. Baadaye tunakuta kuteleza kwenye barafu, mchezo wa kawaida kabisa wa majira ya baridi kule kaskazini: ruhusa ilitoka kwa sharti kwamba Martha asishikwe mkono na mwanamume. Kuna rafiki wa kike ambaye Freud hakutaka Martha amtembelee, kwa sababu alikuwa ameishi na mwanamume kabla ya harusi. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyekuwa tishio la kweli kwa uchumba. Kilichokuwa kinadaiwa ni kikubwa kuliko usalama: Freud alitaka Martha afikiri kama yeye, achukie anaowachukia, awe na alama yake. Mtu aliye mbali hawezi kuona, kwa hiyo anataka kutawala. Nimeona hili kwa wachumba walioishi mbalimbali kati ya Dar na Muscat na kwa walioishi mbalimbali kati ya Mwanza na Mbeya. Nenosiri la simu huombwa na yule aliyekosa kitu kingine cha kushika.

Martha alijibu vipi? Katika mambo madogo aliinama. Max akawa Bwana Mayer, sawa. Lakini alipotakiwa apunguze mapenzi kwa mama yake na kaka yake, asimame upande mmoja na mchumba dhidi yao, hakwenda. Hakupiga kelele, hakutishia kuvunja uchumba, hakuandika kurasa 22. Aliendelea tu kuwa binti wa mama yake na mchumba wa Freud kwa wakati mmoja, jambo ambalo Freud aliliona haliwezekani. Mwisho wa Juni 1884 ni Freud aliyeandika kwamba anayaacha madai yake. Hahitaji tena mpiganaji mwenza, vita atapigana mwenyewe. Wengine wanaisoma barua hiyo kama ishara ya mwanamume aliyemshusha mwanamke cheo, amweke tena kuwa kipenzi wa nyumbani, na wana hoja, maana Novemba 1883 alikuwa ameshamwandikia kwamba wazo la wanawake kuingia katika kugombania riziki kama wanaume ni upuuzi. Hata hivyo mimi naona ndipo uchumba ulipopata pumzi. Alikuwa amekutana na mtu wa kweli asiyesogea.

Dini nayo haikukaa kimya. Nyumbani kwa Bi Emmeline Sabato ilishikwa, na siku ya Sabato mtu haandiki. Martha alifanya hivi: Jumamosi alitoka akaenda bustanini, akaandika barua kwa kalamu ya risasi, asionekane na mama ameshika kalamu na wino. Freud alipojua hilo lilimkera. Kwake ulikuwa udhaifu, woga wa mama. Nionavyo mimi, hakuna barua ya Freud katika hizo 900 iliyogharimu kama zile za bustanini. Yeye aliandika akiwa huru. Martha aliandika akiwa anavunja amri aliyolelewa nayo, na wakati huohuo anamlinda mama yake asione. Wanaume wengi wa mbali hawajui barua, au simu ya dakika tano, imepitia wapi hadi kuwafikia.

Aprili 1884 Freud alianza kuchunguza dawa mpya aliyoagiza kutoka kampuni ya Merck: kokeini. Siku zile haikuwa na jina baya. Aliinywa mwenyewe kupoza majonzi na uchovu, na alimtumia Martha kiasi kidogo kimpe nguvu na wekundu mashavuni. Sitalihukumu hilo kwa macho ya leo, ila nalisoma kama dalili: alipokosa kuwapo, alituma kitu cha kuingia mwilini mwa mchumba kwa niaba yake. Makala yake kuhusu koka, mmea unaotoa kokeini, ilitoka Julai. Septemba akapata nafasi ya kwenda Wandsbek, akaacha wazo la kuijaribu dawa hiyo kwenye macho mikononi mwa rafiki zake. Freud akiwa kwa mchumba, daktari mwenzake Carl Koller akaonyesha kwamba kokeini hutia ganzi jicho, na tarehe 15 Septemba 1884 ugunduzi huo ukatangazwa Heidelberg, Ujerumani, kwenye mkutano wa madaktari wa macho. Upasuaji wa macho ukabadilika. Umaarufu ukaenda kwa Koller.

Miaka 40 hivi baadaye, katika simulizi ya maisha yake iliyotoka 1925, Freud aliandika kwamba mchumba wake ndiye sababu hakupata jina mapema, kisha akaongeza kwamba hana kinyongo. Asiye na kinyongo halikumbuki jambo hilo hivyo baada ya miaka 40, lakini tuliache. Kinachonivutia ni kipande kingine cha sentensi zilezile. Anasema alikuwa ametengana na mchumba wake kwa miaka miwili. Kalenda inasema vingine: Martha alihamia Juni 1883, safari ni ya Septemba 1884. Ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Freud, bingwa wa kuchambua kumbukumbu za wengine, aliubeba utengano ule maisha yake yote ukiwa mrefu zaidi ya mara moja na nusu ya ulivyokuwa.

Oktoba 1885 alikwenda Paris kwa ufadhili wa masomo, kujifunza kwa Jean-Martin Charcot, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, katika hospitali ya Salpêtrière. Majuma ya mwanzo yalikuwa mabaya. Kifaransa chake kilikuwa cha kusuasua, mji ulimtisha, raha yake ilikuwa kupanda juu ya kanisa la Notre-Dame. Katika kitabu chake kuhusu makosa ya maisha ya kila siku, kilichotoka kwa mara ya kwanza 1901, anakumbuka kwamba alipokuwa kijana akiishi peke yake katika mji wa ugenini, aliisikia mara kwa mara sauti anayoipenda ikimwita jina lake. Alikuwa anaandika saa na dakika, kisha anauliza nyumbani kwa wasiwasi kama kuna lililotokea. Hakukuwa na lolote. Hakuutaja mji, lakini wanaomfuatilia wanauchukua kuwa Paris.

Huyu ndiye aliyesema haamini ushirikina wa pete. Watu wetu wangesema anaitwa, wangemwambia usiitike. Yeye alitoa saa mfukoni. Nadhani ni hali ya kawaida zaidi ya tunavyokubali, na haina haja ya kutiwa jina la ugonjwa: akili iliyozoea kumsubiri mtu mmoja kila siku huanza kumtengeneza yenyewe. Ninachompongeza ni kwamba aliuliza na akalipokea jibu kwamba hakuna kitu. Mwenye wivu huwa anauliza bila kulipokea.

Katika miaka hiyo, nyumba ileile ya Wandsbek ilikuwa na uchumba wa pili wa mbali. Minna, mdogo wake Martha, alikuwa amechumbiwa na Ignaz Schönberg, rafiki wa Freud. Ignaz alikuwa na kifua kikuu, akafariki Februari 1886. Minna hakuolewa maisha yake yote.

Freud alifungua zahanati yake Vienna siku ya Pasaka, 25 Aprili 1886. Sasa mwisho ulikuwa unaonekana, na hapo ndipo palipozuka ugomvi mbaya kuliko yote. Sehemu ya fedha za Martha ilikuwa mikononi mwa Eli, kaka yake, naye alikuwa anachelewa kuzitoa. Freud, ambaye hakuwa na samani wala akiba, aliona harusi inamponyoka. Akampelekea Martha masharti, la kwanza likiwa amwandikie kaka yake barua kali ya kumtukana. Martha hakuiandika. Freud akamwandikia Eli mwenyewe, fedha zikaja upesi, na badala ya shukrani akapata lawama kutoka Wandsbek: ndiyo adabu gani hiyo, kwa guldeni chache? Akajibu kwamba si guldeni, ni ndoa yao. Akamtaka asimwandikie tena mpaka aahidi kuvunja uhusiano na Eli.

Watu huuliza kwa nini wachumba waliovumilia miaka hugombana miezi mitatu kabla ya harusi. Kisa hiki kinanipa jibu moja. Tarehe ikishakaribia, kutamani hakufichi tena yale yaliyoahirishwa, na kila aliyeahirisha anataka ushindi wake kabla ya kuingia ndani. Wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu. Freud aliogopa kwa sababu ya kweli. Eli alikuwa anachelewesha. Martha naye alikataa jambo sahihi: asingeanza ndoa kwa kumtukana aliyewalisha baada ya baba kufa. Angeiandika barua ile ya matusi, fedha zingekuja vilevile, lakini kila mgogoro wa miaka iliyofuata ungeanza na sharti la kumtupa mtu mmoja.

Walifunga ndoa ya serikali Wandsbek tarehe 13 Septemba 1886. Freud alitumaini hiyo ingetosha, kwa kuwa hakutaka ibada, lakini sheria ya Austria ilidai ndoa ya kidini. Kwa hiyo kesho yake, nyumbani kwa Bi Emmeline, alisimama akatamka maneno ya Kiebrania aliyokaririshwa na mjomba wa Martha usiku uliotangulia. Wakahamia Vienna, wakazaa watoto sita kati ya 1887 na 1895.

Ijumaa ya kwanza baada ya ndoa, Freud alimkataza mkewe kuwasha mishumaa ya Sabato. Martha alimsimulia binamu yake kwamba ni moja ya mambo yaliyomuumiza sana maishani. Dalili zilikuwepo tangu zile barua za kalamu ya risasi. Walizijadili kama ugomvi kuhusu mama, hawakuzijadili kama swali la nyumba yao itakuwaje. Safari hii Martha alikubali, na mambo yakaendelea hivyo mpaka Freud alipofariki London, Septemba 1939.